Nilimwita mulozi kwa kukosa machozi

Mwaka wa 1971, nikiwa na miaka minane, baba yangu alikufa na njaa ikaingia kwetu. Shule sikumaliza. Nilisomea nyuso za watu kwa kuuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, nikajivuna kwamba hakuna sura inayonidanganya.

Mwezi uliopita tulikuwa kwenye matanga ya mdogo wangu, hapa kwangu Kalemie. Daktari alishaniambia kwamba Sifa, binti wa marehemu, ana otizimu, ni kusema usonji, uchungu wake hauonekani usoni kama wetu. Nilisikia, sikushika. Sifa hakutoa chozi, akaondoka katikati ya wenye kulia, na mimi nilikuwa nalia kwa sauti kupita wote.

Nikapaza sauti: "Asiyemulilia baba yake njo mulozi, njo muchawi! Leo anatoka kwangu!"

Nikamufuata nyuma ya nyumba, watu wote wakinifuata. Sifa alikuwa anatetemeka, ameziba masikio, uso ndani ya shati ya baba yake.

Mke wangu akasema, "Siku tatu hajala. Wewe umemaliza sahani mbili za bukari."

"Sifa, unafanya nini huku?"

"Namulilia Papa. Papa mukubwa, kilio chako kinaniumiza masikio."

Matanga yote yakacheka. Nilimushukuru Mungu kwamba sikuwa nimemufukuza bado.

Leo nina nyumba ya mabati, mitumbwi miwili, motere moja ya mtumbwi, na Sifa anakaa kwangu.