Salamu Iliyopunguzwa Neno

Niliporudi kutoka Misri, nimesoma chuo kikuu na sina subira na mtu, ami yangu alinipa kazi isiyopata kuonekana mjini kwetu: kufundisha hesabu na herufi za Kizungu katika chuo chake cha Kurani. Reli ilikuwa imeanza kazi, na nafasi za ukarani zilikuwa zikichukuliwa na watu wa bara waliosoma misheni. Ami alitaka wanafunzi wake nao wazipate. Chuo kilikuwa chake, naye ndiye mkuu. Nilidhani hilo latosha.

Sikujua kwamba vyuo vyetu viliongozwa barazani. Kila alasiri baada ya sala, wakuu wa vyuo walikutana kwa kahawa. Hawakuwa na mwenyekiti. Walisalimiana tu, kwa kirefu, na kila mmoja aliulizwa, "Wana hawajambo?" Yaani wanafunzi wake. Hapo ndipo alipoeleza nani amehitimu na nani mtoro, wenzake wakamshauri. Siku za mapumziko, adhabu, hata unene wa fimbo, vyote vilitoka hapo.

Siku niliyoanza kufundisha, ami alinichukua barazani, nao wakatutania.

"Shekhe, ati mwana wa nduguyo afunza watoto kuzidisha?"

"Na kugawanya," ami akajibu.

"Aa! Kuzidisha na kugawanya ni kazi ya Mola. Mwambie amwachie mwenyewe!"

Ami alicheka kuliko wote. Nikaona yamekwisha.

Kesho yake walimuuliza habari za nyumbani, za mgongo wake, za mbuzi wake. Wana hawakuulizwa. Wala siku zilizofuata. Hakuna aliyemkataza lolote, na kahawa alimiminiwa kama kawaida. Mimi niliona ni utoto wa watu wazima. Ami alianza kukonda. Akawa anawahi barazani kabla ya wote, kisha anabadilisha mahali pa kukaa, kana kwamba walikuwa hawamwoni vizuri.

Hatimaye akaniambia, "Mwanangu, hesabu basi."

"Kwani wamesema nini?"

"Hawajasema."

"Sasa waogopa nini, ami?"

"Nikiugua, nani atanishikia darasa? Nikifa, wana hawa watapokewa na nani?"

"Mimi nipo."

"Wewe hukai," akasema, bila hasira. "Tangu urudi wazungumza habari za kuondoka."

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana iliniudhi.

Tukaacha hesabu. Wanafunzi wawili wakubwa, waliokuwa wamefika kwenye kugawanya, wakaenda kuimalizia misheni. Ami hakuwafuata. Alasiri ile aliulizwa tena barazani, "Wana hawajambo?" naye akawataja wale wawili kuwa ni watoro. Wenzake walimpa pole, kisha wakapatana kwamba hakuna chuo kitakachowapokea tena. Ami aliitikia kwa kichwa. Nami nilikuwa nimekaa kando yake, nikinywa kahawa yao.