Ukoko wa Uji wa Wimbi

Uji wa wimbi ukianza kuchemka, harufu yake hunirudisha nyumbani kwetu Mbotela, ambako mdogo wangu alikuwa akifuata kwa macho kila tonge tulilotia mdomoni.

"Huyu mtoto ana njaa, mpeni uji," nyanya alisema.

"Bado, Mama. Maziwa yangu yanamtosha mpaka miezi sita," mama alimjibu. "Hata kukaa hajajua."

Nyanya alinuna. Lakini miezi ilipotimia, mtoto alikaa mwenyewe mkekani, akanipokonya kijiko. Mama akacheka. "Haya, sasa maziwa peke yake hayamshibishi."

Alimnyonyesha kwanza, kisha akamkabidhi nyanya kibakuli, kwa kuwa kwetu nyanya ndiye humlisha mtoto mara ya kwanza. Halafu mama akaniita, "Njoo ukombe sufuria." Ule ukoko wa moto, wenye harufu ya makaa, ulikuwa wangu peke yangu.

Leo binti yangu ametimiza miezi sita. Mama hayupo tena awe nyanya wa kumlisha, kwa hiyo nimemlisha mwenyewe. Ukoko umebaki sufuriani. Sijaugusa. Nangoja kuitwa.