Mafuta Niliyomnyima Mke Wangu

Madaktari walipoona kansa kwenye ini la mke wangu, mimi nilikuwa nauza mafuta ya mawese katika soko la Kenya, mtaa mmoja wa Lubumbashi. Karibu mafuta yote ya posho ya wachimba shaba wa mtaa wetu yalipita mikononi mwangu. Nyumbani yalikuwepo mapipa mawili. Niliyahesabu tena: mawili.

Daktari, kijana aliyetoka masomoni karibuni, alinieleza kwamba kila chembe ya kansa inataka kolesteroli, aina ya mafuta, ili ijenge kuta zake, na kwa kuwa chembe hizo zinazaana haraka, zinataka nyingi. Aliendelea kusema. Mimi sikusikia tena. Mchuuzi akishajua mwenzake anahitaji nini, anajua pa kumbania. Nikaamua kansa haitapata kitu kwangu.

Kuanzia siku ile mke wangu alikula bukari, ule ugali wetu, na sombe, majani ya muhogo, ya kuchemsha kwa maji na chumvi. Nyama hapana, karanga hapana, yai hapana. Kila Jumapili nilimpima tumbo kwa uzi, mara mbili. Mikono ikakonda, tumbo likavimba, uzi ukarefuka. Dada yake alinitukana mbele ya majirani, eti nauzia Lubumbashi nzima mafuta isipokuwa mtu ninayelala naye. Nilimjibu hiyo ndiyo dawa.

Mwezi wa tatu daktari alimshika mke wangu mkono, kisha akanigeukia, akaniita mwananchi kwa Kifaransa.

"Citoyen, nani alikuambia umunyime mafuta?"

"Ni weye."

Alikaa chini. Akanipa ule mwisho wa maelezo yake ambao sikuusikia: ini lenye afya likipata kolesteroli kwenye chakula, linapunguza kujitengenezea yake. Kansa haipunguzi. Mtu ale, asile, inajitengenezea yenyewe. Yaani na ini mnaweza kupatana. Kansa haisikii bei. Nikauliza dawa ya kuizuia. Akasema watu wanaitafuta, huko mbali.

Nyumbani nilimwambia mke wangu yote, bila kupunguza.

"Ndiyo kusema nilikula majani bure?"

"Bure."

Alicheka kidogo, akaniagiza nipike. Nilimwaga mawese mpaka sombe ikawa nyekundu. Alipoinusa tu, akatapika. Nikataka kuipeleka nje, akanishika shati.

"Kula weye. Nikuone."

Nilikula sahani nzima. Macho yake yalifuata mkono wangu, toka sahani mpaka mdomoni, kila tonge. Nilipomaliza, akaniambia niongeze.