Meno Mazima ya Twalibu

Ukimkuta mume wangu Twalibu amelaza kichwa juu ya moteri ya gari, usimsalimu. Hatakujibu. Ameweka ncha ya turunevisi, bisibisi yake ndefu, kwenye chuma, mpini ameubana sikioni, macho amefumba, na akisikia hata nyayo zako atakwambia, "Nyamaza, nasikiliza." Hivyo ndivyo anavyotafuta ugonjwa wa gari, na mafundi wote wa mtaa wetu wa Buyenzi wanamjua kwa hilo. Mi Adija, na mdomo wangu huu ambao mtaa mzima unaujua, hata mimi hujaribu kunyamaza. Kidogo.

Ana sheria nyingine. Mteja akija akasema, "Fundi, nibadilishie karabirateri," anafukuzwa. "Mi sitaki jina la ugonjwa! Niambie gari imefanya nini." Pontien, dereva wa taksi, amefukuzwa hivyo sijui mara ngapi, na kila mara anarudi anacheka. Tena kipande chochote Twalibu akikitoa kwenye gari, lazima amrudishie mwenyewe mkononi, hata kama kimeoza, ili mutu aone hakuibiwa.

Sasa sikia maajabu. Mwanaume huyo huyo, siku alipoumwa yeye, akasahau yote.

Ilianza kwenye shavu la kulia. Alikuwa anatafuna muhogo, akaruka, akashika uso, chozi likamtoka. Nikafikiri amejiuma ulimi. "Umeme," akasema. "Adija, umeme umepita hapa." Ukaisha, akacheka. Kesho yake ukarudi. Baadaye ukawa unakuja akinyoa ndevu, akipiga mswaki, au upepo wa ziwa ukimpuliza tu. Unachoma muda mfupi, kisha kimya, na yeye anabaki ameduwaa akingoja mwingine.

"Ni jino," akasema. Hakumuuliza mutu. Akaenda kwa muganga wa meno, akakaa kwenye kiti, akaonyesha kwa kidole: "Hili. Toa." Wakapiga picha, wakamwambia hawaoni kitu. Akasema anayeumwa ni yeye, watoe. Wakatoa. Akaliomba jino lake, kama anavyowapa wateja vipande vyao, akaliweka kwenye kopo anamotupia bujia mbovu, zile plagi za moteri. Akapumua kidogo, kisha umeme ukarudi. Basi ni la jirani yake, akasema. La jirani nalo likatoka. Likafuata na lingine. Ee Mungu wangu, mume ananiishia hivi hivi namuona!

Lakini kilichoniuma mimi hasa ni udhu. Kunawa uso ndiko kulikouamsha huo umeme kuliko yote. Alikuwa anasimama mbele ya ndoo, maji kiganjani, anatetemeka mpaka maji yote yanavuja kati ya vidole. Akaacha kwenda msikitini, maana aliona haya kusimama kwenye safu huku anajua alivyojipangusa kwa kuibia. Jirani yetu Saliha akaanza kunong'ona, na Saliha akinong'ona anasikika mpaka barabarani: "Ni jini huyo. Nani mwingine anaogopa maji ya udhu?"

Nikamtokea mlangoni. "Jini ni wako! Mume wangu anamtaka Mungu, uso ndio unakataa!"

Nilirudi ndani. Niliogopa, kwa nini niseme uongo? Na Twalibu alikuwa amesikia. Akaniuliza polepole, mkono mbele ya shavu bila kuligusa, "Adija, kama si jino, na si jini, ni nini?"

Swali hilo likaniwasha kuliko pilipili. Kweli, ni nini? Kitu gani kinachoma upande mmoja tu, hakivimbi, hakina homa, na shavu la kushoto hakijui hata lilipo? Nikaanza kumchungulia. Nikaona akila, tonge analipeleka kushoto. Nikaona nywele zikimwangukia sikioni hashtuki, lakini ncha ya kitambaa ikimgusa karibu na pua anaruka. Nikaona akilala usingizi mzito, umeme haumwamshi. Jino bovu gani linalompa mutu ruhusa ya kulala?

Asubuhi moja akasema anakwenda kutoa lingine. Alikuwa uani, uso ameufunga kitambaa kwenye joto hili letu, na Pontien ndiyo anaingia, gari inakohoa. "Fundi, leo ni pompe tu. Nibadilishie nikimbie."

"Sitaki jina!" Twalibu akafoka. "Niambie imefanya nini!" Akashika kitambaa kwa maumivu ya kufoka.

Nikaangusha mwiko. "Na we?" nikamwambia. "We umemwambia nani uso wako umefanya nini? Kila ukienda kwa muganga umebeba jina: jino, jino, jino! Angekuwa Pontien ungemfukuza!"

Pontien akacheka, akaona sura ya fundi, akaacha.  Twalibu akaenda kuchukua lile kopo la meno.

Pontien mwenyewe alitupeleka hospitali, gari ikikohoa njia nzima, kwa dogiteri wa neva anayeitwa Huguette. Twalibu akaanza, "Dogiteri, hili jino..." Nikamkanyaga mguu. Basi akaeleza kama mteja mwema: unakuja nikifanya hivi, unapita hapa mpaka hapa, unaondoka. Mi nikaongeza niliyoyachungulia. Dogiteri alisikiliza amefumba macho, wallahi, nikajua tumefika kwa fundi.

Mwisho Twalibu akamimina meno mezani. Dogiteri akayageuza moja moja chini ya taa.

"Papa," akasema, "haya yote ni mazima."

Twalibu akainamisha kichwa. Kutoa kipande kizima kwenye gari ya mutu, kwake hakuna aibu inayozidi hiyo.

"Ni neva ya uso," dogiteri akasema. "Mara nyingi huko ndani kuna mshipa wa damu unaoigusa, nayo inapiga umeme ovyo. Ugonjwa huu una jina na una dawa. Tutapiga picha ya kichwa kuhakikisha hakuna kingine, lakini dawa anza leo. Usishtuke wakikwambia ni dawa ya kifafa."

Alikwisha kushtuka. "Apana! Mi sina kifafa!"

"Nimesema unacho? Dawa ni ya kutuliza neva, na yako inapiga kelele."

Neno kelele alilielewa. Akameza.

Siku za kwanza kizunguzungu kilimwangusha kitandani, nami nikamtukana dogiteri moyoni. Kisha alfajiri moja nikamsikia uani, kwenye ndoo. Nikasimama mlangoni, roho mkononi. Akachota maji, akayaangalia, akayapeleka usoni. Shavu la kulia. Akangoja. Akachota tena. Mara ya tatu, ambayo ndiyo ya mwisho katika udhu. Akachota ya nne. Akachota nyingine, na nyingine, maji yanamwagika mpaka miguuni kwangu.

"We mwanaume!" nikapiga kelele, machozi yananitoka. "Bomba limekauka tangu juzi, na we unaogesha uso kama gari? Utatumalizia..."

Akainua kidole, uso unachuruzika, macho amefumba.

"Nyamaza," akasema. "Nasikiliza."

Nikanyamaza.