Walifunga mfereji wetu ili mgeni akaone maporomoko

Wakuu, heshima kwenu. Naona vijana humu mnatupia picha za maporomoko ya huku kwetu Same milimani, mnaandika "nature haijaguswa."

Haijaguswa! Hiyo njia mnayoshukia korongoni niliichimba mimi. Nawapa ukweli mtupu, hata unaoniaibisha.

Ilikuwa enzi za vijiji vya ujamaa. Nimeoa juzi juzi, baba kanimegea kishamba cha maharage, cha kwanza maishani.

Kwa wasiojua Upare: juu ya maporomoko tunauchepusha mto kwa mfereji hadi ndiva, yaani bwawa letu la udongo. Likijaa, maji yanatoka kwa zamu. Kiangazi mfereji unachukua karibu mto wote. Zamu yangu ilikuwa Alhamisi, na maharage yalikuwa kwenye maua. Ukikosa maji hapo, umekosa mavuno.

Jumatatu katibu wa kijiji akaitisha mkutano. Jamaa alikuwa na kalamu tatu mfukoni na sijawahi kumwona akiandika. Mgeni rasmi anakuja Alhamisi kutoka mkoani, anataka kuona maporomoko.

Basi msaragambo, kazi ya kijiji kizima, kila mtu na jembe lake. Tukachonga ngazi msituni. Tukapaka mawe chokaa, mawe ya porini jamani!

Kisha katibu akaona maporomoko yenyewe yanachuruzika kama bomba bovu. Akaamuru mfereji ufungwe hadi mgeni aondoke.

Nikamuuliza, "Ndugu katibu, na zamu yangu ya Alhamisi?"

"Wewe unawaza tumbo, sisi tunawaza taifa."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, mjinga mkubwa.

Alhamisi mgeni hakutokea. Akaja Jumamosi. Maporomoko yananguruma balaa, katibu anayaelezea utadhani kayazaa yeye. Mgeni akasikiliza, halafu akauliza, "Maji yote haya, mbona huko juu nimepita shamba la maharage limeungua?"

Katibu, bila hata kumeza mate: "Uvivu, ndugu. Mwenyewe ni huyu hapa."

Nilikuwa hatua mbili tu, panga mkononi, nawafyekea njia. Mgeni akanitazama, wala siyo kwa ubaya. "Ni kweli, kijana?"

Wakuu, sentensi moja ilitosha. Mfereji umefungwa, twende ukaone.

Nikasema, "Nitajirekebisha, ndugu."

Wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Nyumbani nikamkuta mke wangu anatua debe. Tangu Alhamisi alikuwa anateka maji korongoni, anapandisha kichwani, kaokoa mistari mitatu ya maharage. Akauliza mgeni kasemaje. Nikamwambia nimeitwa mvivu.

"Na wewe ukamjibu nini?"

Nikamweleza. Akamwaga maji yake shambani, akajitwika debe tupu, akashuka tena korongoni. Niliona aibu hadi nikatamani ardhi inimeze.

Katibu nimemcheka miaka yote hii, na anastahili. Lakini mgeni aliniuliza mimi, kwa kinywa chake, na mimi ndiye niliyemdanganya. Msimu ule tulikula mistari mitatu ya mke wangu. Yangu haikuwepo.

Haya, waliowahi kuupigia makofi uongo unaowamaliza wenyewe, karibuni hapa chini. Msiniache nichekwe peke yangu.