Wifi Aliyeiba Vidonge vya Ghati

Mtu aliyemwokoa Ghati asife ndiye yule ambaye Ghati alikuwa amemwita mwizi mbele ya kanisa zima.

Ilikuwa Hyattsville, Maryland, mwaka 2006.

Ghati alikuwa anabeba boksi, zile kazi za sulubu za ughaibuni, kama wengi wetu, ila boksi lake lilikuwa wazee. Aliwaosha na kuwageuza kitandani kwenye nyumba moja ya wazee huko Temple Hills. Siku moja mzee mnene akateleza, akamwangukia.

Mgongo ukaisha hapo hapo.

Daktari akampa vidonge vikali vya jamii ya afyuni. Alimwonya asizidishe, asichanganye na pombe wala dawa za usingizi.

Mwanzoni vilimsaidia. Baadaye akawa hawezi kwenda shifti bila kumeza, na akimeza maumivu yako palepale.

Ndipo Serah, dada wa mumewe, akahamia kwao. Na vidonge vikaanza kupungua.

Ghati alimpekua sanduku, akamwaga nguo zake sakafuni, asikute kitu. Boniface, mumewe, alipojaribu kuamua ugomvi, akaambiwa afungashe aondoke na dada yake. Jumapili, baada ya ibada, Ghati akawatahadharisha watu wasimkaribishe Serah majumbani mwao. Akasema ni mwizi, ana mkono mrefu.

Serah akachukua Biblia yake, akaenda kusubiri kwenye gari. Hilo lilimchefua Ghati kuliko matusi.

Vidonge vilipokuwa havitoshi, akaomba kwa Jelagat, Mkenya wa pale kazini. Jelagat akampa vyake vilivyobaki baada ya upasuaji, vikali kuliko vile. Ghati akameza, akaongezea cha usingizi, akajilaza kwenye kochi mchana kweupe.

Serah alimkuta anakoroma kama mtu anayezama. Midomo imegeuka bluu. Akamtikisa, wapi.

Akapiga 911, namba ya dharura. Akampulizia pumzi mdomoni mpaka watu wa ambulensi wakafika na kumchoma sindano ya kuondoa nguvu za ile dawa.

Hospitalini Ghati alifumbua macho, akamwona.

"Mwizi wewe. Umefuata nini huku?"

Serah akavuta kiti. "Ni kweli, wifi. Nilikuwa navichukua, navitupa. Nilikuona unasinzia sufuria ikiwa motoni."



Daktari hakumpongeza mtu. Alimwambia Serah kwamba kule kumpunguzia kimyakimya ndiko kulikomsukuma Ghati kutafuta vya wengine. Vidonge hivi vikishazoeleka hupunguzwa taratibu, na daktari akijua. Ghati naye akaambiwa kuwa dozi ya Jelagat ilipimwa kwa mwili wa Jelagat.

Alipunguziwa kidogo kidogo. Akapelekwa mazoezi ya viungo, akaacha kunyanyua wazee. Mgongo bado unamuuma.

Serah alihamia Takoma Park. Hawajaombana msamaha hadi leo, na wakikutana kwenye sherehe mmoja hutafuta mlango.

Nyie mnaobeba wazee huko, dawa ya mwenzako muachie mwenzako. Na ukiona mtu wako anazidiwa na vidonge, usimfichie vidonge. Mpeleke kwa aliyemwandikia, hata akikuchukia.

Serah aliogopa kugombana, akavitupa kimyakimya, nusura tumzike Ghati.