Uzi Mweupe

Cherehani imefunikwa kwa shuka la maua tangu siku fundi alipoondoka, na kaka yake hajathubutu kulifunua. Ni mtu aliyezoea mengi, lakini kimya cha mashine ile kimemshinda. Kwa miaka sita alilala upande huu wa pazia na dadake upande wa pili, na kila asubuhi aliamshwa na mlio wa kanyagio, mlio kama wa mvua inayoanza kisha ikaghairi. Ule ndio uliokuwa saa yake. Ukikatika ghafla, alijua sindano imevunjika au mteja ameingia. Siku hizi umekatika toka asubuhi hadi jioni, na hakuna sindano iliyovunjika wala mteja aliyeingia.

Huyu kaka alikuwa mchora mabango. Nusu ya kuta za maduka ya mtaa ule zilipita mikononi mwake: viatu, meno meupe, vichwa vya watu waliosukwa, matairi. Halafu utumbo ukamgeuka. Madaktari walimkata kipande, wakamwacha na tundu ubavuni, wakamwambia kuanzia leo haja yako itapitia hapa na utavaa mfuko. Walilisema kwa upole, kama mtu anayekuelekeza njia ya sokoni. Mwenye mfuko tumboni hapandi ngazi ndefu na ndoo ya rangi mkononi, kwa hiyo kazi ikamwacha. Mkewe alivumilia miezi minane, kisha akaenda kwao kusalimia. Mpaka leo anasalimia.

Ndipo dadake, mdogo wake kwa miaka tisa, akaja akakunja godoro lake bila kuuliza.

“Kaka, chumba changu ni kidogo,” alimwambia, “lakini kitambaa cha pazia ninacho.”

Akamshonea pazia refu la buluu, kutoka darini hadi sakafuni, na nyuma ya pazia lile mchora mabango akapata pa kubadilishia mfuko wake bila kuonwa na wateja. Hapo ndipo alipojua kwamba aibu nayo hupimwa, hukatwa na kushonewa nguo.

Fundi hakuwahi kuolewa. Alikuwa na cherehani, mkasi wa marehemu mama yao, na daftari la vipimo lenye jalada gumu. Katika daftari lile aliandika watu kama walivyo: bega la kushoto limeshuka, mkono mmoja mfupi, kitambi. Mteja akimbembeleza, “Fundi, andika kiuno kidogo, nitapungua,” yeye alijibu pini zikiwa mdomoni, “Mimi namshonea aliyekuja, simshonei atakayekuja.” Watu walicheka, wakaondoka na nguo zinazowatosha. Ukweli ulikuwa ndio riziki yake, na alidhani kila mahali ni hivyo.

Mifuko ya kaka ilinunuliwa duka la vifaa vya hospitali, pale kona. Kisha likaja lile duka la kwenye simu, ambalo kila mtu aliliita Duka tu, kana kwamba mengine hayakuwa maduka. Bei yake ilikuwa chini, na mwenye duka la kona akafunga milango, akawa anauza vocha kwenye meza. Fundi alilipia uanachama wa Duka mapema sana, kwa sababu ya zipu na nyuzi: mwanachama aliletewa mzigo bure mpaka mlangoni. Halafu asubuhi moja, juu ya picha za vitu vingi, dawa za macho, maziwa ya watoto, mifuko ya kaka, kukatokea kufuli dogo jekundu. Asiye mwanachama haruhusiwi tena kununua, hata akiwa na pesa mkononi. Na anayejiunga leo atasubiri miezi sita ndipo kufuli limfungukie.

Kwa fundi lilikuwa limeshafunguka. Jengo zima la ghorofa tatu likajua kabla ya adhuhuri.

Wa kwanza kupanda ngazi alikuwa Mama Pacha, mtoto mmoja kila mkono. “Dada, maziwa ya hawa. Nakuomba.” Wa pili dereva mstaafu, ambaye macho yake yalikauka yasipotiwa dawa. Wa tatu fundi viatu wa chini, aliyetaka gundi fulani ya soli. Baada ya mwezi walikuwa milango yote. Maboksi yalikuja yakifanana kama vifaranga, yote yameandikwa jina moja, lake. Basi akayatofautisha kwa namna yake: kila boksi likifika alilifunga uzi. Mwekundu wa fundi viatu, njano wa Mama Pacha, kijani wa dereva. Wa kaka ulikuwa mweupe, kwa sababu mweupe hauvuti jicho la mtu. Asiyejua kusoma na mwenye macho mabovu, wote walipita wakaokota uzi wao wakaondoka.

“Fundi,” fundi viatu alimtania siku moja akichukua boksi lake, “ukifa tukuzike na hiyo namba yako ya siri, au utatuachia?”

“Nitawaachia. Nizikeni na daftari.”

“Daftari! Ukahojiwe kuhusu viuno vya watu?”

“Ndiyo. Na chako nitakitaja cha kwanza.”

Kaka alicheka nyuma ya pazia mpaka akashika ubavu. Akiukumbuka mchana ule sasa, huona kwamba ndio uliokuwa mzuri wa mwisho, na hakuna aliyewaambia.

Wiki iliyofuata simu ilileta ujumbe kutoka Duka. Walisema wangependa kuwafahamu wanachama wao wa muda mrefu. Ni akina nani wananufaika na uanachama wako? Waorodheshe hapa.

Fundi alifurahi. Alisoma ujumbe ule mara mbili, akavua miwani, akaufuta uso.

“Wanataka kunipongeza,” alisema. “Nani mwingine analeta mizigo mingi kama mimi?”

“Mdogo wangu,” kaka alisema, “andika mimi na wewe, yaishe.”

“Na Mama Pacha nimfute? Na mzee dereva? Hawa si watu?”

“Ni watu. Lakini waulizaji huwa na sababu yao.”

“Sababu yao ni kujua. Nami najua. Kwa nini nifiche?”

Akafungua daftari la vipimo, kurasa za nyuma, ambako milango yote na rangi za nyuzi zake ziliandikwa kwa mpangilio. Vidole vyake vilikuwa na gamba la miaka ya sindano, na kioo cha simu hakikuvisikia vizuri. Kwa hiyo alisoma na kaka akaandika. Mlango wa kwanza, watu wanne. Mlango wa pili, mama na pacha. Mlango kwa mlango, watu thelathini na mmoja, na kila mmoja anachoagizwa. Mchora mabango hakukosea herufi hata moja. Tena, Mungu amsamehe, aliona fahari kidogo kuona orodha ilivyopendeza kwenye kioo, mistari imenyooka. Moyo ulimwambia futa. Kidole kikabonyeza tuma.

Jibu lilichukua siku mbili. Uanachama ni wa kaya moja. Akaunti imefungwa kwa matumizi yaliyovuka kaya. Anwani ya jengo nayo imefungwa, hakuna mkazi wake anayeweza kujiunga.

Siku hiyohiyo mleta mizigo alifika langoni na pikipiki yake. Kaka alimwona kutoka dirishani. Juu ya kiti cha nyuma palikuwa na boksi pana, bapa, alilolijua kwa umbo: mifuko ya miezi miwili. Fundi alishuka ngazi mbiombio, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Mleta mizigo alilipiga boksi mwanga wa kifaa chake, kifaa kikalia vibaya.

“Mama, naambiwa niurudishe.”

“Baba, si huo hapo mkononi mwako?”

“Uko mkononi mwangu lakini si wangu. Na wako pia si wako tena.”

“Ni wa mgonjwa. Yuko juu pale, muone, anakuangalia.”

Mleta mizigo aliinua uso. Macho yake na ya kaka yakakutana, na mwanamume yule, ambaye kwa miaka miwili alikunywa maji kwenye kikombe cha fundi, akawa wa kwanza kuangalia pembeni. “Mama, wakinikuta nimeuacha, kesho pikipiki hii ina mtu mwingine.” Akawasha. Boksi likaondoka.

Mifuko iliyobaki ilikuwa saba.

Jengo lilikasirika, na hasira ya majirani haina adabu. Mama Pacha alisimama katikati ya ngazi, pacha wote wanalia. “Nani alikutuma ututaje kama mahabusu? Tungekaa kimya tungekula!” Dereva mstaafu alipita akipapasa ukuta, na hilo lilimuuma fundi zaidi. Fundi viatu peke yake alipanda, akaketi, akatazama kofia yake.

“Wanasema wema hauozi,” alisema. “Kumbe hufungiwa akaunti.”

Hakuna aliyecheka. Hata yeye hakuwa amekusudia mzaha.

Fundi alipiga simu Duka. Sauti ya mashine ilimzungusha, kisha akaja kijana mwenye heshima. “Mama, masharti uliyakubali mwenyewe.” Lini? “Siku ya kwanza ulipojiunga.” Mteja wake wa mtaa wa pili alijiunga kwa ajili yao, lakini kufuli lake lilitaka miezi sita. Hospitali ilitoa mifuko miwili, ikasema hiyo ni ya waliopasuliwa mwaka huu.

Kaka aliifua ile saba mpaka gundi ikakataa ngozi. Ndipo cherehani ikaanza kushona kitu ambacho haijawahi kushona. Fundi alikata koti la mvua, akakata mifuko ya nailoni, akapima ubavu wa kaka yake kwa futi ileile ya viuno na mabega, akaandika kwenye daftari. Alishona vizuri. Alishona vizuri kuliko kitu chochote alichowahi kushona, mishono midogo kama mchanga. Lakini maji ya tumbo hayajali ufundi. Yalipita kwenye mishono, yakala ngozi. Kwanza ikawa nyekundu, kisha mbichi, kisha ikanuka. Wateja walianza kusimama mlangoni, nguo zao mkononi, wakisema wana haraka. Kaka alipandwa na homa siku nne. Muuguzi aliyemsafisha alimwambia dadake, bila ukali, “Hili likirudi tena, mama, msitegemee sana.”

Siku ya tatu baada ya hapo fundi alirudi na karatasi. Duka lilitafuta wafungaji wa mizigo kwenye ghala lake, safari ya mchana mzima kwa basi. Mkataba wa miaka miwili, malazi hukohuko. Na chini kabisa: mfanyakazi hupata uanachama kamili tangu siku ya kwanza, bila kusubiri, yeye na ndugu mmoja.

“Hapana,” kaka alisema.

“Bado sijasema.”

“Nimesoma usoni. Miaka yako arobaini na saba, utabeba maboksi? Utakuwa unawafungia mizigo haohao?”

“Nimekuwa nikiwafungia uzi bure. Sasa nitalipwa.”

“Na cherehani?”

“Cherehani haina tumbo, Kaka.”

Alitaka kumwambia kuwa ni afadhali afe. Maneno yalimfika kooni, lakini mwili, ambao ulikuwa ukiwaka ubavuni, haukumruhusu. Alitaka mifuko. Alitaka kuishi, na aliona haya kwa kutaka hivyo mbele ya mtu atakayelipia. Akanyamaza, na kimya chake kikawa ndiyo.

Fomu iliulizia anayemtegemea mwombaji. Mmoja tu. Fundi aliketi nayo muda mrefu, daftari likiwa limefungwa mapajani. Safari hii hakumpa kaka simu. Aliandika mwenyewe, kwa kidole kilekile kisichosikiwa na kioo, akirudia herufi mpaka zikashika. Aliyewahi kuandika thelathini na mmoja aliandika mmoja.

Aliondoka Jumatatu asubuhi na begi moja. Mkasi wa mama aliuacha juu ya meza. Langoni Mama Pacha alimpa mkono, na hiyo ilikuwa kama radhi, ingawa hakuna aliyejua nani anamwomba nani.

Mizigo haiji jengoni, kwa kuwa anwani bado imefungwa. Kaka huifuata kwenye dirisha la kituo cha mafuta, mara moja kila mwezi. Mara ya kwanza alilifungua boksi palepale, juu ya pipa, polepole, akitafuta. Palikuwa na mifuko, na karatasi ya risiti. Alilipindua, akapapasa chini ya gundi ya boksi, kwenye pembe.

“Mbona hujaweka uzi?” alimuuliza kwenye simu.

“Kaka, huku tunapekuliwa mpaka pini za nguo. Uzi nitautoa wapi? Hata hivyo si mimi niliyelifunga lako. Yanapita maelfu.”

“Nilidhani utaliona.”

“Nayatazama yote,” alisema. “Ngozi inaendeleaje?”

Ngozi imepona. Anarudi nyumbani boksi likiwa ndani ya koti, kwa sababu ngazini anakutana na dereva mstaafu, ambaye sasa anaongozwa mkono, na Mama Pacha, na anajua ni kitu gani wanakihitaji na hawatamwomba. Anafunga mlango, anakwenda nyuma ya pazia la buluu ingawa hakuna wa kujifichia.

Fundi yuko ghala la pili, mstari wa tisa. Anafunga maboksi kwa gundi ya karatasi, akiwa amesimama, na mkataba wake umebakiza miezi kumi na tisa.